Uyoga wa Mfereji wa Migosi

Jumatatu asubuhi Gordon alipasha msumari moto jikoni, akatoboa tundu jingine kwenye mshipi wake uliomlegea. Mkewe, Dorca, alikuwa chumba cha nyuma akinyunyizia maji mifuko ya majani ya mpunga aliyokuzia uyoga. Harufu ya ngozi inayoungua ilipomfikia, alijua tumbo la mumewe limekataa tena.

Mtaa mzima wa Migosi ulijua chanzo. Nyuma ya bucha ya Waswa, bomba la choo lilikuwa limepasuka juu ya bomba la maji safi, uchafu ukaingia kwenye maji, na mawili hayo sasa yalikula sahani moja. Dorca alikuwa ameenda ofisi ya maji mpaka askari wa lango akaanza kumwita shemeji.

Kilichomchosha zaidi ni watu wenyewe. Uyoga wake ulituliza matumbo, hilo hawakulipinga, ila waliula kama panadol: mara moja, maumivu yakizidi. Tena waliuosha kwa maji yale yale.

"Hii ni chakula," alimwambia Mama Winny, jirani yake. "Unakula kila siku, tumbo inakaa na nguvu. Na maji uchemshe."

"Nichemshe maji, nichemshe uyoga, makaa nitatoa wapi?"

Hata Gordon alikataa maji yaliyochemshwa. Eti yananuka moshi. Dorca alimpenda, na kuna siku alitamani kumpiga na sufuria.

Alhamisi mfereji wa maji wa mtaa ulikohoa, ukatoa uyoga. Ulikuwa mweupe, mzima, ukidondoka ndooni mmoja mmoja, huku maji yakiendelea kutoka na harufu yake ya kawaida. Wanawake walisogeza ndoo. Maximilla, aliyekuwa mwisho wa foleni, aliuliza kama utamfikia. Watu wa mtaa wa pili, Kaloleni, walilalamika kwamba wa kwao ni mdogo mdogo.

Gordon aliharisha asubuhi, akanywa supu ya uyoga, mchana akawa mzima. Kesho yake vivyo hivyo. Mtaa ulizoea, na kanisa likasogeza ibada hadi saa nane mchana, matumbo yakiwa yametulia.

Hatimaye Ignatius, afisa wa maji, alikuja. Alifungua mfereji, akaokota uyoga mmoja, akaunusa.

"Si mlikuwa mnalia maji inaumiza tumbo?"

"Bado inaumiza," Dorca alisema.

"Na dawa inakuja na maji. Unataka nini tena, Mama?"

"Mzibe bomba ya choo."

"Tuzibe, halafu uyoga ikatae kutoka? Hawa watu watanimaliza."

Dorca aliwageukia majirani. Mama Winny alikuwa akiitazama ndoo yake. Wengine nao walitazama zao. Ignatius akaondoka na uyoga kwenye karatasi, wa kumpelekea mkewe.

Tangu hapo Gordon hajatoboa tundu jipya, wala hajarudi kwenye la zamani. Dorca bado huchemsha maji, nayo hupoa kwenye sufuria bila kuguswa na mtu mwingine. Kila alfajiri Gordon hukimbilia chooni, kisha huvuta maji. Dorca huyasikia yakishuka, yakielekea nyuma ya bucha ya Waswa. Huchukua ndoo, akaenda kupanga foleni mferejini.