Kutambaa Hadi Mlangoni

Kwaruu! Umeme ulikuwa ndio kwanza umekatika niliposikia njiti ikikwaruzwa gizani. Nikawasha tochi. Watoto wangu, waliofunga shule juzi, walikuwa wamejenga hema la shuka sebuleni, na binti yangu kitindamimba alitaka kuwasha mshumaa humo ndani.

"Lete kiberiti, mwanangu. Shuka likishika moto mtatokaje?"

"Tutakimbia!"

"Moshi haukimbiwi, unapitiwa chini. Haya, wote tutambae hadi mlangoni. Na wewe, baba yao!"

Mume wangu, fundi cherehani, akalala kifudifudi, kitambi kikiburuta.

"Baba anapiga deki!" kaka mtu akapayuka. Tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Kitindamimba alitutangulia. Akavuta kitasa, akavuta tena. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo, kama kila jioni, ulikuwa chumbani, kwenye mfuko wa koti la baba yao. Kicheko kikatukauka.

Mume wangu akaenda, akajigonga kwenye stuli, akarudi nao akichechemea, akamnyooshea kitindamimba.

"Haya, mkuu wa zimamoto, toa amri."

Binti yangu akauchukua, akasema, "Kuanzia leo ufunguo utakaa hapa mlangoni."