Salongo ya Makaburi ya Absalomu

Kijiji cha Absalomu kiko kusini ya Cedar Hill, pale nyumba za Dallas zinapokwisha na ardhi inabaki wazi, nyeusi, tambarare. Mvua ikinyesha, udongo wake unashika kiatu na hauachii. Absalomu ni jina la mtu aliyekianzisha. Alizaliwa mtumwa, akapata uhuru, na pamoja na wenzake akanunua uwanda huo ambao wengine waliudharau. Walilima pamba. Walijenga shule, kisha kanisa la mbao lenye kengele. Mtu akiugua wakati wa mavuno, kengele ililia, na pamba yake ilichumwa kabla ya pamba ya wengine.

Watoto wao walihamia Dallas na Houston. Sisi tulipofika, mwaka 2004, walikuwa wamebaki wazee wachache, kanisa, na makaburi nyuma yake.

Sisi ni Wakongo wa Kivu, tunakaa Irving, karibu na Dallas, na wengi wetu tunafanya kazi kwenye maghala. Bwana Roscoe, kitukuu wa Absalomu anayeishi Houston, ndiye mwenye kusimamia kanisa. Alimpa pasta wetu, Josué, ufunguo tusali pale Jumapili mchana, kwa kujaribu. Kila mwezi wa sita ukoo wote unarudi kijijini kula pamoja na kukumbuka siku ya uhuru wao. Mwaka wetu huo wa kwanza, baada ya chakula, Bwana Roscoe angesema kama tubaki na ufunguo au turudi kusali sebuleni kwa pasta, ambako majirani walishazoea kugonga ukuta kwa ajili ya ngoma zetu.

Siku chache kabla ya sherehe, Bwana Roscoe alipiga simu akaomba tushughulikie majani ya makaburini. Pasta alituletea habari hiyo, na Mama Mado, kiongozi wetu akina mama, hakungoja isemwe mara ya pili.

“Ni salongo,” alisema.

Kwetu salongo ni kazi ya wote, Jumamosi, bila malipo. Asiyekuja anachekwa mpaka Jumamosi nyingine. Tulinunua majembe, lakini yalikuwa na mipini mirefu, ya watu wasiotaka kuinama. Mama Mado aliyakata yote kwa msumeno.

Kivu, uwanja wenye majani ni aibu. Nyoka wanaingia, na wapita njia wanauliza kama mama wa nyumba amekufa. Basi tulilima makaburi yale tangu kwenye geti mpaka karibu na uzio, tukang'oa kila jani, tukafagia kwa matawi mpaka ardhi ikabaki nyeusi na safi, yenye mistari ya ufagio. Mimi, ambaye kwenye mikutano ninakaa karibu na mlango na sisemi, siku ile nilitangulia mbele ya wote. Mwenye jembe haulizwi alifika darasa la ngapi.

Siku ya sherehe tulifika asubuhi kupika. Bwana Roscoe alikuja kutoka Houston, akasimama kwenye geti bila kuingia. Yale majani aliyapanda yeye mwenyewe. Alikuwa ameyatunza tangu mwanzo wa mwaka, ndugu zake wakute kijani juu ya wazee wao. Aliposema tuyashughulikie, alitaka tuyamwagilie maji.

Hakupandisha sauti. Alimwambia pasta kwamba atachukua ufunguo baada ya chakula, wasiaibishane mbele ya watu.

Mama Mado alikaa juu ya sufuria iliyogeuzwa kifudifudi. “Haya,” alisema, “tumechimba kaburi la kanisa letu, na majembe tumenunua wenyewe.”

Magari yalijaa. Watu walipita kando ya makaburi wakinong'ona. Halafu akafika Bi Kezia, mtu mzee kuliko wote waliozaliwa pale. Aliletwa kwa kiti cha magurudumu na Fiona, nesi Mkenya wa Arlington anayemtunza. Kiti kilipofika getini, bibi aliinua mkono kisimame. Aliangalia mistari ya ufagio muda mrefu.

“Shosho anauliza ni nani amefagia hapa,” Fiona alituambia; shosho kwao ni bibi.

Pasta aliangalia viatu vyake. Wenzangu waliniangalia mimi. Kazi ilikuwa yangu, sikuweza kuikana.

“Ni sisi,” nilisema. “Mimi ndiye nilianzia getini.”

Bi Kezia alizungumza, na Fiona akatafsiri polepole. “Anasema mama yake alifagia hivi hivi. Kila mwaka kabla ya sherehe walikuja na majembe, wakubwa na wadogo. Jani juu ya kaburi lilimaanisha huyo aliyelala hana mtu. Baadaye zikaja mashine za kukata majani, na wenye majembe wakaisha.”

Kisha bibi alimgeukia Bwana Roscoe akasema jambo, na ukoo mzima ukaangua kicheko.

“Anamwambia, wewe huwezi kukumbuka,” Fiona alisema. “Siku ya jembe ulikuwa unajificha kwenye pamba.”

Bi Kezia alionyesha pembe ya uzio tuliyoiacha. Pale palikuwa na kipande cha plau kilichosimamishwa ardhini, nasi tulidhani ni chuma kilichotupwa. Ni kaburi la dada yake, aliyekufa mtoto, kabla familia haijapata jiwe. Nilichukua jembe nikaenda. Nilipoinama nilisikia mtu kando yangu. Bwana Roscoe alikuwa amevua koti, naye ameshika jembe la Mama Mado.

“Mwambieni ainame,” Mama Mado alisema. “Anashika jembe kama anahubiri.”

Fiona alimwambia, naye akainama.

Baada ya chakula pasta aliweka ufunguo karibu na sahani ya Bwana Roscoe. Bwana Roscoe aliusukuma ukarudi, kidole chake kikiacha alama nyeusi ya udongo mezani. Aliuliza ile kazi tunaiitaje. Nilimwambia. Alijaribu kulitamka neno hilo mpaka mama zake wadogo wakamsihi aache.

Mwaka uliofuata alipiga simu mapema, akauliza salongo ni Jumamosi ipi. Alikuja kutoka Houston na jembe lake, mpini ameukata mwenyewe.