Mguu wa Kila Mwezi

Musimbi alikuwa amebeba mzigo wa maganda ya mti wa muwati mgongoni mguu wa kulia ulipomlegea. Maumivu yalitoka kiunoni, yakashuka nyuma ya paja hadi kisigino, na unyayo ukaanza kuburuta. Alijua kesho ataona damu yake ya mwezi. Ilikuwa hivyo siku zote.

"Mwezi uliopita ulianguka, na leo tena," alisema Kipyego, nyapara wa shamba. "Bwana mwenye shamba amesema daktari akikukuta mzima, unahama kambi leo leo. Mimi nimechoka kukutetea, mama."

Ah, mguu ule! Ndio uliomtoa Maragoli ukamfikisha Sisibo, kama watu walivyouita mji wa Eldoret, mtoto wake Kageha mgongoni, wanawake wakiimba njia nzima. Krismasi za zamani alicheza mpaka vumbi likampanda magotini, na kambi nzima ikamzunguka kumshangilia. Siku zile zilikuwa tamu, hata ugali ulipokuwa mkavu.

Kipyego akampandisha gari la ng'ombe mpaka hospitalini. Daktari alikuwa mzungu mgeni, Kiswahili hajui. Mkalimani alipoingia, Musimbi akajifunika uso kwa kitambaa. Alikuwa Wamalwa, mume wa Kageha. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani, sembuse kutajiana mambo ya mwili! Na mkalimani mwingine hakuwepo.

Wamalwa naye akageukia dirisha. Daktari akaukunja mguu, akagonga goti, akatikisa kichwa.

"Anauliza unaanza kuuma lini," Wamalwa akaliambia dirisha.

Akinyamaza, atakosa pa kulala. Akisema, ataishije na aibu hiyo? Musimbi akageukia ukuta.

"Wewe ukuta, mwambie daktari mguu huu unafuata damu ya mwezi. Damu ikija, unakufa. Ikiisha, unapona."

Jasho lilimtoka Wamalwa, lakini alitafsiri yote. Daktari akacheka kidogo, akasema maneno machache, akaenda kunawa mikono. Moja Musimbi alilielewa. *Leizi*. Bwana aliwatukana nalo kila asubuhi, maana yake wavivu. Moyo ukamwuma kuliko mguu.

Wamalwa akatoka. Dirisha lilikuwa wazi, na Musimbi akamsikia akizungumza na Kipyego uani.

"Daktari amesema huyu mama ni mgonjwa kweli. Mguu ukimshika, akae chini mpaka umwachie. Asifukuzwe."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Kamwambie Bwana hivyo."

Kipyego akaenda kufunga ng'ombe. Wamalwa akabaki pale pale, mgongo wake ukiegemea ukuta wa hospitali. Akijulikana kuwa amedanganya, kazi yake imekwisha. Musimbi akajikokota hadi upande wa ndani wa ukuta huo huo, akauwekea kiganja, na daktari akageuka na mikono yake yenye maji kumtazama.

"Wewe ukuta," alisema kwa sauti, "mwambie mkwe wangu nimesikia. Mwambie nimezaa mtoto wa kiume leo."