Moshi Wenye Kibali

Usiku wa jana niliota niko paredi nikikagua kucha, na mwanafunzi wa mwisho kwenye mstari alikuwa moshi.

Mimi ni mwalimu wa nidhamu katika shule ya bweni ya wasichana. Wananiita Mwalimu Tumpale nikiwapo. Nisipokuwapo sijui wananiitaje. Mwezi uliopita wasichana wawili waliruka ukuta kwenda gulioni, mmoja akagongwa na pikipiki, akavunjika mguu. Nikanunua kufuli kubwa. Tangu siku hiyo, wakishaingia bwenini, mlango unafungwa kwa nje.

Basi, huyo moshi. Amevaa sare safi, sketi imevuka magoti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umechelewa?"

"Upepo ulikuwa mdogo. Naomba ruhusa ya kuingia bwenini."

Namkagua. Kucha hana. Nywele za kusuka hana. Hapigi kelele. Naandika daftarini kwamba ni mwanafunzi wa mfano, kisha nampa kibali chenye muhuri.

Mara paredi si paredi tena. Ni korido ya bweni, ndefu kama barabara ya kwenda Tukuyu. Moshi anapita chini ya mlango bila kuvunja kanuni hata moja.

Ndani nasikia sauti ya Sekela wa kidato cha pili. Huyu ndiye aliyeniandikia barua kuomba kufuli liondolewe. Nilimfyekesha nyasi siku tatu, kwa sababu barua yake haikupitia kwa kiranja.

"Mwalimu, moshi umeingia humu!"

"Ana kibali," namjibu.

"Na sisi je?"

Nataka kukimbia, lakini kukimbia koridoni ni marufuku, na miguu yangu inaijua kanuni hiyo kuliko mimi. Natembea, mikono nyuma. Nikirefusha hatua, ubao wa matangazo ukutani unaguna.

Nikalifikia kufuli.

"Funguka," nikaliambia.

"Umepitia kwa kiranja?"

"Mimi ndiye niliyekununua!"

"Nakufahamu, mwalimu. Ulisema niwalinde, nami nawalinda."

"Uwalinde na barabara!"

"Barabara hukuitaja. Lete ombi kwa maandishi."

Kule ndani wameanza kukohoa, tena kwa kufuata orodha ya mahudhurio. "Naomba nikohoe, mwalimu." Anakohoa. "Naomba nikohoe, mwalimu." Anakohoa. Wako arobaini na wawili, na kila sauti naijua ni ya nani. Nikawaambia wakohoe tu bila kuomba. Hawakunisadiki.

Sina kalamu. Mlango umeshafunikwa na masizi, basi nachora kwa kidole juu yake: *Mimi Tumpale naomba wanafunzi watoke.* Kufuli linasoma taratibu, kama mtu aliyesahau miwani.

"Sababu?"

Nilifikiria kuandika usalama, nikaona neno hilo ndilo lililotufikisha pale. Nikaandika: *Sekela alishaniambia.*

Kufuli likatafakari. Likafunguka.

Nikaamka, ni saa kumi na moja alfajiri. Sikunawa hata uso. Nikampigia matroni, Bi Ikupa, anayetunza ufunguo, nikamwambia aondoe kufuli sasa hivi.

"Na wakitoroka tena, mwalimu?"

"Tutakaa getini kwa zamu, mimi na wewe. Nitaanza mimi. Halafu mwambie Sekela nitakuja kuongea naye asubuhi."

"Amefanya nini tena huyo mtoto?"

"Hajafanya kitu. Nakuja kumwomba radhi."

Nikasikia ndala za Bi Ikupa zikienda hadi mlango wa bweni, kisha kufuli likilia *tak* kwenye simu.

Nilipokata, nikaona kioo cha simu kimechafuka pale nilipobonyeza. Kidole changu cha shahada kilikuwa cheusi tii, na nyumbani kwangu tunapikia gesi.