Bunduki ya Mkono Mbovu

Ofisini walimwita Mizani, jina la kumsifu na kumtania kwa pamoja. Kazi yake ilikuwa kupima bunduki zisizoua mtu: bunduki za Ngome Tisa, mchezo wa kompyuta ambamo watu watano huwindana na wenzao watano mpaka upande mmoja uishe. Bunduki ikishinda kupita kiasi, anaipunguza makali, ikidorora, anaiongezea. Watu wazima wenye familia zao humporomoshea matusi kwa sababu ya tarakimu moja aliyoibadilisha, naye huyasoma huku anakunywa chai.

Asubuhi hiyo chai ilipoa. Mbele yake zilikuwa takwimu za bunduki iitwayo Kipanga. Walioitumia walikuwa wakishinda mechi sitini katika kila mia, na kosa lilikuwa lake, hakuna wa kumsingizia. Mwaka uliopita aliteleza bafuni akateguka mkono wa kulia, na kwa ukaidi wake akaendelea kupima bunduki huku amefungwa bendeji. Kila risasi ilikwenda pembeni. Yeye akaona bunduki ndiyo mbovu, akainenepesha risasi kidogo, halafu kidogo tena, mpaka ikawa inampata adui hata ikipita kando yake. Bendeji ilipofunguliwa akasahau kuipunguza. Basi watu chungu nzima wakapewa bunduki iliyopimwa kwa mkono wa mgonjwa.

Mkuu wa kitengo hakufoka. Alimwambia airekebishe, na marekebisho yatoke saa nane mchana. Akamkumbusha na sharti la kazi: mtu wa nje asiambiwe kabla ya wakati, hata awe mama mzazi.

Sharti hilo lilimchoma, maana saa tisa mdogo wake wa kiume alikuwa na mchujo. Timu moja kubwa ilikuwa inatafuta mchezaji wa tano, na yeye alikuwa amebakia na wenzake watatu tu wa kushindana nao. Wachezaji walimwita Tulivu kwa kuwa mkono wake haukuwahi kutikisika. Ndoto yake tangu akiwa shule ilikuwa hiyo timu, na silaha yake ilikuwa Kipanga.

Mizani alijipa moyo kwamba nduguye ni hodari kweli, hahitaji hisani ya risasi nene. Akafungua mchoro unaoonyesha mahali risasi za kila mchezaji zinapompata adui. Wachezaji wengine wakubwa, nukta zao zilirundikana katikati ya kifua. Za Tulivu, miezi minane nyuma, zilikuwa hapohapo. Mwezi uliofuata zikaanza kutawanyika. Mwezi huu zilikuwa zimetapakaa kingoni kabisa, kulia na kushoto, kila moja imeokolewa na ule unene. Aliutazama mchoro mara tatu. Mwenye shabaha mbaya hukosea zaidi upande mmoja, na kazi hii ilikuwa imemfundisha kumtambua. Huyu alikuwa anatetemeka.

Miezi minane. Ndiyo kwanza Tulivu alikuwa ameuacha mchezo wake wa zamani, Pumzi Moja, ambamo risasi moja tu inamaliza kazi. Mizani alikumbuka walivyobishana mezani kwa mama yao. Tulivu alishikilia kwamba Pumzi Moja ni bahati nasibu, anayemwona mwenzake kwanza ndiye bingwa, na ustadi wa kweli uko Ngome Tisa, ambako adui hafi mpaka umwandame kwa risasi kumi huku anakukimbia. Mizani, kwa kumchokoza tu, akamjibu kwamba mchezo wa risasi moja ndio unaomwumbua mtu, hauna pa kujificha. Mama akawaambia bunduki zao waziache mlangoni. Wote walicheka isipokuwa Tulivu, aliyeinuka na kuacha chakula nusu. Mizani alidhani ni ubishi wake wa kila siku, na moyoni alifurahi kwamba mdogo wake anausifu mchezo wa dada.

Sasa alimkumbuka baba. Baba yao alikuwa fundi saa. Alianza kwa kusema bisibisi zimeisha meno, kisha taa haitoshi, kisha saa za siku hizi ni ndogo mno. Alipokubali kwenda kwa daktari, alikuwa hawezi tena kufunga kifungo cha shati lake.

Alikamilisha marekebisho, akaomba ruhusa, akaondoka kwa miguu roho juu. Ukumbi wa mchujo haukuwa mbali. Tulivu alikuwa kwenye ujia, kwenye kiti cha plastiki, ameukalia mkono wa kulia.

"Nyoosha mikono," Mizani alimwambia, kama mama alivyokuwa akiwaambia kabla ya kula.

Tulivu alicheka, akanyoosha wa kushoto.

"Na huo mwingine, mdogo wangu."

Alikawia. Alipoutoa, vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe.

"Nani kakwambia?"

"Umeniambia mwenyewe, kwa kila risasi uliyopiga."

Simu ya Mizani ikalia. Ujumbe ulitoka kwa mkuu wa kitengo: kila kitu tayari, je, wayaachie marekebisho saa nane, au anataka kuipima bunduki tena mpaka kesho? Bunduki ni yake, neno ni lake. Tulivu, aliyekuwa amekaa bega kwa bega naye, aliusoma wote.

"Andika kesho, dada. Siku moja tu. Nikishaingia kwenye timu, nakwenda kwa daktari."

"Baba naye alisema akishamaliza ile saa."

"Mimi si baba."

Mizani alitamani kuandika kesho. Aliogopa, aliogopa sana, kwamba huyu mtu ambaye yeye alimbeba mgongoni utotoni hatamsemesha tena maisha yake yote. Hata hivyo aliandika neno moja, "Achieni," akalituma mbele ya macho ya Tulivu.

Tulivu alisimama, akautia mkono mfukoni, akaingia ukumbini.

Mizani alihamia kwenye kiti kile, kikiwa bado na joto. Alipiga simu kliniki, akaeleza shida, akaambiwa wanafunga saa kumi na moja. Saa tisa ikafika. Ndani alisikia vipanya vikibofywa na watu wakishangilia, asijue wanamshangilia nani. Kila mlango ulipolia alitoa macho.

Saa tisa na robo Tulivu alitoka peke yake, wenzake wakiwa bado wanacheza. Alikaa kiti cha pembeni na kutazama sakafu. Mizani hakuthubutu kumwuliza matokeo.

"Zote zilikuwa zinapita kando," Tulivu alisema. "Zote, dada."

Kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni na kuuweka juu ya goti la dada yake, ukitetemeka bila kufichwa.

"Haya, utazame."