Daktari wa Chumba cha Tisa

Mwalimu Mkuu mstaafu alikuwa ametoka kupimwa shinikizo la damu, akipita hospitalini kwa mwendo wake wa gwaride, alipomwona rafiki yake wa miaka arobaini, fundi saa, ameketi kwenye benchi la mwisho, jirani na chumba cha kufulia. Kando yake alijikunyata mwanawe, amekumbatia bahasha kubwa ya picha za eksirei.

Mwalimu aliijua siri ya bahasha ile. Mjukuu wake, daktari wa chumba cha tisa, ndiye aliyeibuni: wagonjwa wa chumba hicho walikabidhiwa bahasha tupu, wapate kupita mbele za watu wakidhaniwa wamevunjika mkono.

"Mmekuja kupiga picha?" akauliza, hali akijua.

"Picha ya nini, bwana wee! Tumekuja kwa daktari wa akili. Kumbe yupo, mwaka wa sita huu! Hata wewe msomi ulikuwa hujui!"

Hapo Mwalimu akatamani ardhi ipasuke. Miezi minane iliyopita fundi alimnong'oneza kwamba mwanawe anazungumza na watu wasioonekana. Je, hospitali ina daktari wa mambo hayo? Naye, aliyekwisha kuwatangazia wastaafu wenzake kwamba mjukuu wake ni daktari wa macho, alijibu kwa sauti ile ile iliyowahi kunyamazisha madarasa: "Hakuna." Uongo wa kwanza ulihitaji mlinzi, akauwekea wa pili.

"Usijilaumu," fundi akaendelea, akipandisha taratibu mkono wa shati la mwanawe. Kovu la kamba lilikizunguka kifundo chote cha mkono. "Alikuwa akikimbilia barabarani, kwenye magari. Tungefanyaje? Tulimfunga kitandani, mama yake akilia huku, mimi kule."

Mlango wa chumba cha tisa ukafunguliwa, mjukuu akachungulia.

"Babu! Shikamoo! Umepotea njia leo? Miaka yote sita hujafika upande huu hata kwa bahati mbaya!"

"Marahaba," akaitika.

Fundi akamtazama mmoja, kisha mwingine. "Babu? Huyu ndiye yule wa macho?"

"Macho?" Daktari akacheka. "Mzee wangu, jicho likiniuma mimi mwenyewe hukimbilia kwa wenzangu." Kisha akauona uso wa babu yake, kicheko kikamfia mdomoni.

"Nilikuuliza," fundi akasema polepole. "Ukaniambia hakuna."

Mwalimu, aliyewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo, akainamisha kichwa. "Niliona haya. Niliogopa mtasema mjukuu wa Mwalimu ni daktari wa vichaa. Nisamehe, ndugu yangu."

Fundi alikuwa akiurudisha chini mkono wa shati, akihangaika na kifungo ambacho vidole vyake, vilivyozoea vyuma vidogo kuliko punje ya mchele, sasa vilishindwa kukifunga.

"Nilijua unanionea haya, Babu," mjukuu akasema kwa upole. "Ila nilidhani anayeumia ni mimi peke yangu."

Akamsaidia fundi kufunga kile kifungo, akamshika kijana bega. "Karibu, kaka. Twende tukazungumze."

Wakaingia watatu. Mwalimu aligeuka kuwafuata, akapiga hatua mbili, akakumbuka kwamba hakualikwa.