Taib Hajui Kukataa

Kioko alipiga kura ya hapana kwa mstari mmoja tu: "Taib hajawahi kukataa kazi ya mtu." Nikausoma mara mbili, mori ukanipanda. Hiyo nayo ni sababu?

Niwaeleze. Tuna programu ya kuendeshea maktaba za shule na madrasa, inaitwa Rafu. Ni ya bure, na yeyote duniani anaweza kuifungua, kuisoma, kututumia marekebisho na kuyajibu ya wenzake, mbele ya wote. Lakini wa kuyaingiza marekebisho hayo ni sisi watano tu, wenye funguo. Mara moja kwa mwaka tunapiga kura ya kuongeza mtu. Kura huwa wazi siku tatu, kila mtu anaiona. Anayenyamaza amekubali, ila hapana moja yenye sababu humwangusha mtu, mpaka aliyeisema aiondoe mwenyewe.

Aliyempendekeza Taib ni mimi. Ni binamu yangu, mwalimu wa madrasa Majengo, na kompyuta nilimfundisha mimi, sebuleni kwa bibi yetu pale Mji wa Kale. Kwa miaka miwili ameifanyia Rafu kazi nyingi kuliko sisi watano tukijumlishwa. Ufunguo ule alikuwa akiutaka mpaka unaona usoni, ingawa hakuwahi kuutaja. Si mtu wa kuomba.

Nikampigia Kioko, karani wa bandarini ambaye maneno anayatoa kwa kijiko.

"Kioko, siku hizi mtu kuwa na adabu ni kosa?"

"Swafia, usinipigie kelele. Soma majibu yake kwanza."

Nikakata simu. Nikaketi na chai yangu dirishani, hapa kwenye fleti yangu ya Ganjoni, nikaanza kusoma ili nipate cha kumkomesha. Ilikuwa asubuhi ya siku ya pili.

Majibu yote yalifanana. Mtu akituma kazi mbovu, Taib humwandikia: "Mashallah, ahsante sana, tutaitazama inshallah." Basi. Kisha, kimya kimya, huiandika upya yeye, na aliyeituma hajui kosa lake, wiki ijayo analirudia. Rosebella, mkutubi wa Kisumu, alikuwa bado anaisubiri inshallah yake tangu Machi. Ameuliza mara tatu, na mara tatu ameshukuriwa.

Nikazidi kuteremka, nikakutana na jina langu. Siku kumi na mbili nyuma nilikuwa nimetuma kazi ya kuifanya Rafu iwe nyepesi: inafuta majina ya wasomaji ambao hawajaazima kitabu mwaka mzima. Chini yake: "Mashallah, da Swafia, tutaitazama inshallah."

Kumbe nami nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa! Nikamwita aje.

Alifika baada ya alasiri, na mahamri kwenye karatasi.

"Masalkheri, da Swafia. Mu wazima nyote?"

"Wazima. Taib, kazi yangu ina n'ni?"

"Ni nzuri, mashallah. Pana kitu kidogo tu, si neno."

"Kitu gani?"

Akamega hamri, akalitazama, akalirudisha. "Msomaji akikaa na kitabu mwaka mzima bila kukirudisha, wewe wamfuta. Akifutwa, hatujui tena kitabu kiko kwa nani."

Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Masikio yaliniwaka moto.

"Wajua tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na mbona hukunambia?"

"Wewe ndiwe ulonifunza. Nitakukataa vipi mbele ya watu?" Kisha akaongeza kwa haya, "Nimeshaitengeneza."

Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Nikamsogezea kompyuta. "Andika. Hapa hapa. Msema kweli mpenzi wa Mungu."

Mistari minne ilimchukua karibu saa nzima. *Da Swafia, kazi hii siikubali. Inamfuta msomaji aliye na kitabu. Tafadhali angalia kwanza vitabu vilivyo nje. Nisamehe.*

"Toa hiyo nisamehe."

Akaitoa. Akafumba macho, akabonyeza. Nilidhani ataaga, lakini akatafuta jina la Rosebella, akamwandikia naye, polepole, kilichoharibika na namna ya kukirekebisha. Rosebella alijibu kabla hatujamaliza mahamri: "Hatimaye!"

Iliniuma, sikatai. Kosa langu lilisomwa na watu hadi Mbeya. Lakini usingizi wa siku ile ulikuwa mtamu.

Kesho yake adhuhuri, saa mbili kabla ya kura kufungwa, Kioko aliandika: "Naondoa hapana yangu. Karibu, Taib." Kwa Kioko hiyo ni hotuba. Kura ikafungwa, Taib akapewa ufunguo, na bibi akapika pilau bila kuelewa ufunguo huo ni wa mlango gani.

Jioni nikaituma upya kazi yangu, nimeirekebisha vizuri. Jibu halikukawia.

*Bado siikubali, da Swafia. Tazama mstari wa tisa.*

Hakuniomba msamaha. Nikacheka peke yangu kwa furaha, nikaufungua mstari wa tisa.